Kifua kinachounguza usiku: si kila "gastriti" ni gastriti

Watu wamekula bukari ya jioni, taa zimezimwa, nyumba imetulia. Katikati ya usiku mutu mumoja anaamuka: kifua kinamuunguza, kitu kichungu kimepanda mpaka kooni. Anakaa kwenye kitanda, anakunywa maji kidogo, anasubiri ipite. Asubuhi akiulizwa na watu wa nyumbani, anajibu kwa neno moja: "Ni ile gastriti yangu."

Katika jimbo la Lualaba, toka Kolwezi na Fungurume mpaka Sandoa, Dilolo na Musumba, neno hilo linabeba magonjwa mingi. Ndani yake kuna vidonda vya tumbo, kuna mikrobu, kuna tumbo lililochubuliwa na dawa za maumivu. Na kuna ugonjwa mwingine ambao hautajwi sana: asidi ya tumbo kupanda juu, kwenye bomba la chakula. Kwa Kiswahili ule moto wa kifuani unaitwa kiungulia. Waganga wa hospitali wanaandika kwenye fishi herufi tatu za Kifaransa: RGO.

Tofauti hii si ya majina tu. Mutu anayetibu kitu ambacho hana anapoteza franka zake, na ugonjwa wenyewe unaendelea kwa miaka. Kwa mukaaji wa Musumba, makao makuu ya Mwant Yav katika teritware ya Kapanga, kuna swali lingine zito zaidi. Kolwezi iko mbali kwa zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua barabara ya udongo inakuwa mateso. Je, aende ao abakie? Kuujua ugonjwa huu vizuri ndiko kunamusaidia kujibu.

Kinachotokea ndani ya mwili

Chakula kikimezwa kinashuka kwenye bomba linaloitwa umio. Kwa mutu muzima lina urefu wa karibu sentimita 25. Chini yake, pale linapoingia kwenye mufuko wa chakula, kuna musuli wa duara unaofanya kazi sawa mulango. Unajifungua chakula kipite, kisha unajifunga tena.

Mufuko wa chakula unatengeneza maji makali yenye asidi, karibu litre mbili kwa siku. Asidi hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya: inasaidia kusaga nyama, samaki na maharage, na inaua mikrobu mingi iliyoingia na chakula. Mufuko wenyewe umefunikwa ndani na ute muzito unaoulinda. Lakini bomba la chakula halina kinga kama hiyo. Mulango ukilegea, ao ukifunguka wakati haupashwi, asidi inapanda na kuunguza ngozi laini ya ndani. Ndiyo sababu moto unasikika kifuani nyuma ya mufupa, ijapokuwa moyo uko muzima.

Asidi kupanda mara moja moja, kwa mfano baada ya karamu ya ndoa, si ugonjwa. Inatokea kwa kila mutu. Inakuwa ugonjwa pale inaporudi mara mbili ao zaidi kwa wiki, inapovunja usingizi, ao inapoanza kuchubua bomba la chakula.

Juu ya nini kila kitu kinaitwa gastriti

Kwa muda murefu, hata waganga wakubwa wa dunia walisema kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mingi na pilipili. Katika miaka ya 1980, waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vidonda mingi vinatokana na mikrobu inayoitwa Helicobacter pylori, inayoishi ndani ya mufuko wa chakula. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa yeye mwenyewe maji yenye mikrobu hiyo, na tumbo lake likaingia na uvimbe. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Mikrobu hiyo imeenea sana katika Afrika, na watu wengi wanaipata wakiwa watoto. Inaleta gastriti ya kweli, yaani uvimbe wa ngozi ya ndani ya mufuko, na kwa wengine inaleta kidonda. Inatibiwa kwa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 mpaka 14, bila kuruka hata siku moja. Vipimo vyake viko: kuna kipimo cha choo, na kuna kipimo cha pumzi. Kipimo cha damu ni dhaifu zaidi, kwa sababu kinaweza kuonyesha mikrobu iliyokwisha kutoka zamani.

Lakini kupanda kwa asidi hakuletwi na mikrobu hiyo. Shida iko kwenye mulango. Mutu mwenye RGO anayemeza antibiotiki za "gastriti" kila baada ya miezi michache hapati faida yoyote kwa upande wa kiungulia, na anafundisha mikrobu za mwilini mwake kuzoea dawa. Siku atakapougua kweli, dawa hizo zinaweza kukosa nguvu.

Namna ya kuutambua

Habari njema kwa watu wanaoishi mbali na mashine ni hii: mara nyingi RGO inajulikana kwa maulizo tu. Muuguzi wa kituo cha afya anayeuliza vizuri anaweza kufika karibu sana na ukweli.

Moto wa RGO unaanzia chini ya mufupa wa kifua na kupanda kuelekea koo. Unakuja baada ya kula, zaidi sana kama mutu amekula mingi. Unaongezeka akilala ao akiinama, kwa mfano wakati wa kufunga viatu, kulima, kufua nguo ao kuinua mufuko. Maji machungu ao makali yanaweza kufika mudomoni bila kutapika. Mutu akikaa wima, moto unapungua.

Maumivu ya kidonda cha tumbo yanakaa zaidi chini ya kifua, pale juu ya kitovu. Kwa wengine yanakuja na njaa ao yanaamusha usiku, na kula kidogo kunayatuliza. Kwa wengine ni kinyume: chakula ndicho kinayaamusha. Wanaomeza dawa za maumivu kila siku wanapashwa kuyafikiria mbele ya wengine.

RGO iko na sura zingine pia. Mutu anaweza kuwa na sauti inayokauka asubuhi, kikohozi kikavu cha usiku, ao meno yanayolika. Hapa kunahitajika uangalifu. Katika nchi yetu, kikohozi cha wiki mbili ao zaidi kinapashwa kwanza kupimwa kifua kikuu, hata kama mugonjwa anasema ni asidi. Na kwa mutu aliyepumua vumbi la machimbo kwa miaka, mapafu yenyewe yanapashwa kuangaliwa. Asidi isiwe kisingizio cha kuacha kipimo cha makohozi.

Jambo lingine ni moyo. Maumivu yanayobana kifua sawa jiwe, yanayokuja wakati wa kupanda kilima ao kubeba muzigo, yanayofika kwenye mukono, shingo ao taya, pamoja na jasho la baridi na kukosa pumzi, si ya kutibu kwa maziwa. Ni ya kukimbiza hospitali saa ile ile.

Vitu vinavyofungua mulango

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa chakula na saa ya kukila. Watu wengi wa Lualaba wanakula mara moja tu kwa siku, na ni jioni. Mama anayeuza sokoni, motari, mwalimu, kreuzeri anayetoka kwenye shimo: wote wanaondoka asubuhi na chai na mikate miwili, wanarudi usiku na njaa ya siku nzima. Wanakula bukari kubwa, kisha juu ya uchovu wanalala mara moja. Mufuko umejaa mpaka juu, na mwili umelazwa. Asidi haihitaji nguvu kupanda, inateleza tu.

Sababu ya pili ni mafuta. Chakula chenye mafuta mingi, kama samaki wa kukaanga ao sombe iliyojaa mawese, kinakaa muda murefu zaidi ndani ya mufuko mbele ya kushuka. Bukari yenyewe, ya muhogo ao ya mahindi, si adui. Shida iko kwenye wingi wake na kile kinachoisindikiza.

Pombe na sigara zinalegeza ule musuli wa mulango. Bia inaongeza na gazi inayotanua tumbo. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, inachubua moja kwa moja ngozi ya bomba la chakula na ya mufuko. Pilipili, nyanya, machungwa, limao, kahawa na vinywaji vya gazi vinaamusha moto kwa watu fulani, lakini si kwa wote.

Uzito wa tumbo ni sababu nyingine. Mafuta ya kiunoni yanasukuma mufuko wa chakula toka chini. Mukanda uliokazwa sana na kitambaa kilichofungwa kwa nguvu vinafanya vilevile. Hata kazi inahesabika: kuinama muda murefu, kuinua mifuko ya madini ao ya makala, vyote vinakamua tumbo. Kwa watu wengine, sehemu ya mufuko wa chakula imepanda juu ya musuli unaotenga kifua na tumbo. Hao wanapata shida hata wakijichunga vizuri, na si kosa lao.

Mwishoni kuna dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ambazo wafanyakazi wengi wanameza kwa ajili ya mugongo, zinaweza kuchubua tumbo mpaka litoe damu. Kidonge cha doksisiklini kikimezwa bila maji ya kutosha na mutu akalala, kinaweza kukwama njiani na kuunguza bomba la chakula. Kinapashwa kumezwa na kopo nzima ya maji, mutu akiwa amesimama ao amekaa, na asilale kwa nusu saa. Dawa fulani za tansio nazo zinalegeza mulango. Lakini hizo mutu asiache mwenyewe. Aseme kwa muganga, naye atabadilisha kama inawezekana.

Kubadilisha jioni kwanza

Mbele ya kununua kidonge chochote, kuna mambo ambayo hayaombi franka mingi na yanasaidia kweli.

La kwanza ni saa tatu. Chakula cha mwisho kiliwe saa tatu mbele ya kulala. Anayelala saa nne ya usiku ale saa moja. Kama kazi hairuhusu, basi chakula kikubwa kiwe cha muchana, hata kama ni bukari iliyobebwa kwenye bakuli, na jioni ale kidogo: uji, ndizi, viazi vitamu, ao mboga kama lengalenga ao matembele iliyopikwa na mafuta kidogo.

La pili ni kugawanya. Sahani moja kubwa igawanywe mara mbili ao tatu ndani ya siku. Chakula kinabaki kile kile, lakini mulango hausukumwi kwa nguvu.

La tatu ni kuinua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 mpaka 20. Matofali mawili ao vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda vinatosha. Kuongeza mito chini ya kichwa peke yake hakusaidii, kwa sababu kunakunja mwili katikati na kukamua tumbo. Anayelala chini kwenye mukeka anaweza kuweka ubao ao nguo zilizokunjwa toka mugongoni mpaka kichwani, mwili wote wa juu upande polepole.

La ine ni kulala upande wa kushoto. Namna mufuko wa chakula ulivyokaa, upande huo asidi inabaki chini ya mulango. Upande wa kuume inaufikia kwa urahisi.

La tano ni kupunguza uzito kwa mutu aliyenenepa, kuacha sigara, na kupunguza pombe. Kupunguza hata kilo chache kunaleta tofauti kwa wengi.

Kuhusu vyakula, hakuna orodha moja ya makatazo kwa watu wote. Njia nzuri ni kujipima. Mutu aondoe kitu kimoja, kwa mfano pilipili, kwa wiki mbili, aangalie. Kama hakuna tofauti, airudishe na kujaribu kingine. Kumukataza mugonjwa kila kitu kwa mara moja kunamuletea udhaifu, na mbele ya mwezi kuisha atakuwa amerudia yote.

Na vipi dawa za nyumbani? Maziwa yanatuliza kwa dakika chache, kisha yanaamusha asidi mupya. Limao na maji ya moto, ambayo wengine wanakunywa asubuhi "kusafisha tumbo", yanaongeza moto pale ngozi imekwisha kuchubuka. Bikarbonate inazima moto haraka, lakini inajaza gazi na ina chumvi mingi, si nzuri kwa mutu mwenye tansio. Kutafuna kitu baada ya chakula, kama kipande cha muwa ao shingamu, kunaongeza mate, na mate yanasaidia kusafisha asidi iliyopanda.

Dawa: zipi, na namna gani

Kuna makundi mawili ambayo watu wanachanganya. Kundi la kwanza ni dawa za kuzima asidi iliyokwisha kutoka: vidonge vya kutafuna ao maji meupe yenye manyezi na aluminio. Zinafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaisha upesi. Zinafaa kwa kiungulia cha mara moja moja. Zinaweza kuzuia dawa zingine zisiingie mwilini, kwa hiyo ziachane na dawa hizo kwa saa mbili hivi.

Kundi la pili ni dawa zinazopunguza utengenezaji wa asidi. Inayojulikana sana ni omeprazoli. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1988, na leo iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Ni dawa nzuri, lakini wengi wanaimeza vibaya. Wanaimeza wakati moto umekwisha kuwaka, kisha wanasema haina nguvu. Omeprazoli haizimi moto, inazuia usiwake. Inamezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida miligramu 20, asubuhi na njaa, nusu saa mbele ya kula. Kidonge kimezwe kizima. Chembe za ndani zisitafunwe. Inahitaji siku chache ili kufikia nguvu yake yote.

Kwa RGO ya kawaida isiyo na alama za hatari, matibabu ni ya wiki 4 mpaka 8, halafu muganga anaangalia tena. Si ya kumeza miaka kumi bila kuuliza mutu. Ikitumiwa muda murefu sana bila sababu, inaweza kupunguza vitamini B12 na manyezi mwilini, kudhoofisha mifupa, na kuacha mikrobu za tumbo zipite kwa urahisi. Watu fulani wanaihitaji kwa muda murefu kweli, lakini muganga ndiye anayepashwa kuamua.

Jambo moja linadanganya wengi. Mutu aliyemeza omeprazoli kwa miezi akiacha kwa mara moja, mufuko wa chakula unatengeneza asidi zaidi ya kawaida kwa wiki kazaa. Moto unarudi mukali, naye anasema: "Unaona? Siwezi kuishi bila kidonge." Mara nyingi si ugonjwa uliorudi, ni mwili unaojipanga upya. Muganga anaweza kumusaidia kupunguza polepole.

Omeprazoli inaweza kugongana na dawa zingine, hata na dawa fulani za VVU. Mugonjwa aseme dawa zote anazomeza, asifiche. Na anayetaka kupimwa mikrobu ya tumbo kwa choo ao pumzi anapashwa kuiacha kwa wiki mbili mbele ya kipimo, la sivyo kipimo kinaweza kusema hakuna kumbe iko.

Kuhusu ranitidini, ambayo wengi waliizoea: mwaka wa 2020 Marekani iliomba iondolewe sokoni, kwa sababu ndani yake kulionekana kitu kinachoweza kuleta kansere. Anayebaki na vidonge vyake vya zamani aulize famasi ao kituo cha afya vibadilishwe.

Na mahali pa kununua panahesabika. Joto na unyevu vinaharibu dawa hizi. Kipande cha vidonge kilichozunguka sokoni siku nzima kwenye jua, bila karatasi na bila tarehe, kinaweza kukosa nguvu yote. Famasi ao kituo cha afya ni bora, hata kama kiko mbali kidogo.

Mama mwenye mimba na mutoto mudogo

Kiungulia ni cha kawaida sana wakati wa mimba. Homoni za mimba zinalegeza musuli wa mulango, na mutoto anayekua anasukuma mufuko wa chakula juu. Kwa kawaida kinaisha baada ya kuzaa. Kula kidogo kidogo, kulala upande wa kushoto na kuinua kitanda ndivyo vinavyoanza. Dawa za kuzima asidi ziko ambazo mama anaweza kutumia, lakini aulize kwenye kipimo cha mimba. Bikarbonate si ya kuzoea.

Wamama wengi wanakula udongo, ile pemba nyeupe, ili kutuliza tumbo na kichefuchefu. Udongo unaweza kuzuia chuma cha chakula kisiingie kwenye damu, na mama anapungukiwa damu. Katika eneo la machimbo kuna sababu zaidi ya kuuacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walionyesha mwaka wa 2009 na tena mwaka wa 2018, katika mtaa wa Kasulo pale Kolwezi, kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo wana kobalti na metali zingine mwilini kupita kiasi, zaidi sana watoto. Tafiti hizo zilihusu metali, hazikuhusu kiungulia. Lakini kula udongo katika muji kama huo ni kuongeza muzigo kwa mama na kwa mimba.

Mutoto muchanga kutoa maziwa kidogo baada ya kunyonya si ugonjwa, kama ananenepa na kucheza vizuri. Kwa wengi inaisha mbele ya mwaka mumoja na nusu. Ashikwe wima kidogo baada ya kunyonya, kisha alazwe chali. Lakini akitapika kwa nguvu kila mara, akitapika rangi ya kijani ao damu, akikataa kunyonya ao akibaki na kilo zile zile, apelekwe haraka.

Alama ambazo hazisubiri

Kwa sehemu kubwa, RGO ni ugonjwa wa kusumbua na si wa kuua. Lakini alama hizi zinabadilisha hadisi yote:

– chakula kinakwama wakati wa kumeza, kwanza bukari, kisha hata uji;
– kumeza kunaleta maumivu makali;
– kutapika damu, ao kitu cheusi sawa kahawa iliyosagwa;
– choo cheusi kinachonata sawa lami na chenye harufu kali (vidonge vya chuma pia vinafanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mugonjwa aseme kama anavimeza);
– kupungua kilo bila kutaka;
– kupungukiwa damu, kizunguzungu, macho na viganja vyeupe;
– kutapika kila siku;
– moto ulioanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, ao usiopungua hata baada ya wiki 8 za dawa iliyomezwa vizuri.

Anayetapika damu ao anayetoa choo cheusi asisubiri kesho. Kwa zile zingine, asisubiri mwezi.

Kukwama kwa chakula kunastahili neno la pekee. Asidi inayopanda kwa miaka mingi inaweza kufinya bomba la chakula kwa makovu, na kwa watu wachache inaweza kulisukuma kuelekea kansere. Tena Afrika ya mashariki na ya kusini, toka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, ina kansere ya bomba la chakula kwa wingi, ya aina nyingine isiyoletwa na asidi. Sigara na pombe kali zinaichochea. Mwaka wa 2016 kituo cha OMS cha utafiti wa kansere kiliweka vinywaji vya moto kupita digri 65 kati ya vitu ambavyo yaelekea vinaileta. Kuacha chai ipoe dakika chache hakuombi hata franka moja.

Kuamua safari toka Musumba

Ili kuona ndani ya bomba la chakula, waganga wanapitisha kamera ndogo mudomoni. Kipimo hicho kinaitwa fibroskopi, na hakipatikani kwenye vituo vya afya vya mashambani. Lakini si kila mugonjwa anakihitaji. Kijana mwenye kiungulia cha kawaida, bila alama hata moja kati ya zile za juu, anaweza kuanza pale anapoishi. Anaonana na muuguzi mukuu wa kituo chake, anabadilisha jioni yake, anameza dawa kwa wiki zilizopangwa, anarudi kuangaliwa. Karibu na Musumba kuna pia hospitali ya Samuteb ya Wametodisti, katika Kapanga, ambako muganga anaweza kumusikiliza mbele ya kufikiria njia ya mbali.

Mwenye alama ya hatari, yeye, asimalize franka za safari kwa kununua vidonge vingine. Aombe karatasi ya kumutuma kwenye hospitali kubwa ya Kolwezi ao ya Lubumbashi, na familia iulize mapema kama fibroskopi inafanyika pale na kwa bei gani. Abebe vitu vitatu: dawa zote anazomeza pamoja na karatasi zake, vipimo vya zamani, na karatasi ndogo ya wiki mbili aliyoandika saa ya kula, saa ya kulala na saa moto ulipokuja. Karatasi hiyo inamuambia muganga mambo ambayo "niko na gastriti" haimuambii.

Na yule aliyeamuka usiku na kifua kinachounguza, hata mbele ya kufika kituo cha afya, anaweza kuanza jioni ya leo: ale saa moja, apunguze sahani, aweke matofali mawili chini ya kitanda. Kama baada ya wiki mbili usingizi umerudi, atakuwa amejua ugonjwa wake ulikuwa wa aina gani. Kama haukurudi, atakuwa na kitu cha kweli cha kumuelezea muganga.